Siku Niliyomsalimia Adui kwa Simu Yako

Nthenya wangu,

Sanduku lako nimeliona limefungwa hapo karibu na mlango, na nimejizuia kulifungua. Najua umepanga vizuri, kwa sababu kupanga ulijifunza kwangu. Kwa hivyo humu hutasoma habari ya sweta wala ya kunywa chai asubuhi. Umeenda kumuaga nyanya yako, kuku wameingia jikoni kwa vile wameona hakuna wa kuwafukuza, na mimi nimekaa mezani na kalamu. Mwandiko wangu unaujua. Mwalimu wangu wa darasa la saba alikuwa akiuonyesha kwa wengine, na ningeendelea na shule leo ungekuwa mwandiko wa mtu mkubwa. Lakini tuachane na hayo.

Kesho baada ya ibada unaondoka Matinyani kwenda Malili, kuishi nyumba moja na wasichana wa timu yako na kucheza gemu kama kazi. Kabla ya kuondoka Mchungaji atakuita mbele tukuombee. Jana nilikuwa napepeta maharagwe, ukaja ukanisimamia ukasema, "Mama, kesho wakiniita kapteni mbele ya kanisa, sitasimama. Nitakaa tu hivyo mpaka waniache." Halafu ukaenda zako. Hukupaza sauti. Ungepaza ningejua la kufanya.

Ulikuwa na haki. Kapteni sasa ni Kavata, yule msichana wa Kibwezi. Wewe unaenda kama mchezaji wa akiba, na ulikuwa wewe kapteni mpaka kidole changu kikaingia kati. Kanisa lote linajua kapteni ni wewe kwa sababu mimi niliwaambia, na mambo yalipobadilika sikuwaambia tena. Hicho ndicho kinanikalisha hapa. Lakini nitafika huko polepole, maana kuna vitu vya hiyo gemu bado vinanizungusha kichwa, na kesho sitakuwa na mtu wa kuuliza.

Unakumbuka mara ya kwanza niliposimama nyuma yako nikaangalia simu yako? Nilikuwa nimekuja kukugombeza. Nilikuwa nimeshika mwiko kabisa. Nikaona ile dunia yenu, mchanga mwekundu kama wa kwetu, lakini mbinguni kuna miezi miwili, na watu wamevaa nguo za chuma wanaruka na moto mgongoni. Nikasahau uji. Uliungua hata nyanya yako akausikia kutoka kwake.

"Hao ni akina nani?" nikakuuliza.

"Wa kwetu ni wa kijani, maadui ni wa bluu."

"Wanapigania nini?"

"Kisima cha mwanga, Mama. Tukikishika mpaka muda uishe, tumeshinda."

"Kisima! Sasa hao wa bluu hawana kisima chao?"

"Mama, niache kwanza, nitakufa."

Na ukafa. Nilipiga kelele, nawe ukacheka ukaniambia utarudi sasa hivi, na kweli ukarudi, umesimama mzima kwa kituo chenu na bunduki yako. Nilikuuliza hao waliokufa wanaenda wapi kabla ya kurudi, ukasema hakuna mahali, ni kungoja tu hesabu iishe. Mimi bado nafikiria hapo. Mtu anangoja wapi? Anaona nini? Nilimuuliza Mchungaji, akanitazama akaniuliza kama nimelala vizuri.

Kuna siku mvua ilinyesha ndani ya gemu. Hiyo ndiyo siku nilivuta kiti nikakaa. Mvua kubwa hivyo, Nthenya, na hakuna mtu hata mmoja wa kuishika! Maji yanashuka kwa ule mlima wenu yanachimba makorongo, udongo wote unaenda, na wanajeshi wanarukaruka hapo wakipigana kama hawaoni. Nilikuambia unipe hao wanajeshi wiki moja tu na jembe. Sisi akina mama wa mwethya tukiungana kuchimba shamba la mmoja wetu, matuta yanatoka yamenyooka hivi, na tangu nianze kuyapima mimi hakuna tuta limewahi kupasuka. Uliza mtu yeyote. Nilikuuliza pia kama ng'ombe anaweza kula zile nyasi za bluu. Ukasema huko hakuna ng'ombe. Dunia yote hiyo, bila ng'ombe. Nilikaa nikawahurumia waliotengeneza, nikaona pengine hawakulelewa na mtu.

Basi tangu hapo nikawa naangalia kila jioni, na nikaanza kukujua upya. Mimi nilidhani najua mtoto wangu ni msichana wa kunyamaza. Kumbe ukivaa vile vitu vya masikio unakuwa mtu mwingine. "Kavata, rudi nyuma. Wewe, kaa kushoto, usimfuate huyo, anataka kukuvuta. Ngojeni. Ngojeni. Sasa!" Sauti ndogo, haina hasira, na watu wa Kibwezi na Nairobi na wapi wanakutii. Ndipo nikaenda kanisani nikasema. Baada ya kwaya niliwasimamisha akina mama wote pale nje nikawaambia mtoto wangu ni kapteni wa jeshi, na anaamuru watu ambao hajawahi kuwaona. Baba yako alipopata habari huko Kibwezi anakovuna nyanya za watu, alinipigia akaniuliza kama kuna vita huku Matinyani.

Sasa nifike kwa ile siku.

Mlikuwa kwa mechi ya kuchaguliwa, ile ambayo mkishinda mnapewa nyumba Malili. Ulikuwa umekaa hapo kwa kiti cha baba yako. Mimi nilikuwa nachambua ndengu, ndipo tukasikia Mama Kioko akipiga nduru upande wa pili wa ua. "Mbuzi! Mbuzi yenu iko kwa ndengu zangu!" Mimi mguu ulikuwa na ile shida yake. Wewe ukaruka, ukanirushia simu mikononi, ukaniambia maneno ambayo nayakumbuka kama amri za Musa: "Mama, shika tu. Usiguse kitu."

Nilishika. Kweli nilishika kwanza.

Lakini Nthenya, hebu jiweke hapo. Miezi yote hiyo nimeangalia ile dunia kama mtu anayeangalia harusi kutoka kwa dirisha, halafu leo mlango uko wazi na uko kwa mkono wangu. Nikaweka kidole kidogo tu upande wa kushoto, kuona. Mtu wako akapiga hatua! Nikaweka tena. Akatembea. Nikamtembeza, akapita ule mlango uliovunjika, akashuka kale kabonde, na mimi nikawa kama nahisi huo mchanga miguuni. Nilitaka tu kuona kile kisima kwa karibu, kama kina kuta, au watu wanainama tu kuchota.

Na pale kisimani kulikuwa na mtu. Wa bluu. Amenipa mgongo.

Huyo angekuwa kwa barabara ningempita. Lakini ni kisimani. Tangu nikiwa msichana mdogo na mtungi wangu, sijawahi kumkuta mtu kwa maji nikakaa kimya. Anayenyamaza kwa maji ni mwizi au ana neno na wewe. Mdomo wangu haukuniuliza ruhusa.

"Habari yako, mwenzangu," nikasema.

Sikujua ile kitu ya sauti ilikuwa wazi kwa wote. Yule mtu akageuka. Bunduki yake ikanitazama. Halafu nikasikia sauti ya msichana, sauti tamu, ya mtu wa pwani kule Tanzania.

"Shikamoo, mama," akasema.

Mimi nani huniamkia hivyo hapa Matinyani? Moyo ukafunguka.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni mtoto wa wapi?"

"Wa Tanga. Mama, samahani, ni mama kweli?"

"Sasa nitakuwa nani? Huko Tanga mmepata mvua?"

"Imenyesha kidogo." Akaanza kucheka. "Mama, hii ni mechi. Natakiwa nikupige."

"Unipige kwa nini? Tumekosana?"

"Hapana, mama."

"Basi shusha hiyo kitu tuongee. Umekula?"

Upande mwingine nasikia Kavata analia ndani ya simu, "Nthenya! Nthenya, uko peke yako hapo! Piga! Unaongea na nani?" Lakini yule mtoto akashusha bunduki, Nthenya. Aliishusha, nikaona imeangalia chini. Akaniambia amekula wali asubuhi. Nami nikamuuliza, "Na mama yako anaendeleaje?" na nikainua simu vizuri ili nimsikie, na kidole gumba changu kikalala pale upande wa kulia, pa kupigia.

Ikatoka risasi moja. Ikatoka nyingine. Nikashtuka nikafinya zaidi, zikatoka zote.

Yule mtoto akaanguka katikati ya kuniambia mama yake ana kikohozi.

Uliporudi ukiwa umeshika mbuzi kwa pembe, ulinikuta nimesimama katikati ya nyumba nasema, "Amka! Amka mwanangu!" mtu wako amebaki peke yake kisimani, muda umeisha, na simu inaandika kwa herufi kubwa kwamba mmeshinda.

Mlishinda. Hilo hata sasa silisemi kwa sauti, lakini mlishinda. Jioni upande wa Tanga ukalalamika. Wakasema mliweka mtu kuiga sauti ya mama mzee ili kumdanganya mwenzao. Na sheria yao ni kwamba mechi ikianza, mtu mwingine akigusa simu yako akacheza, unasimamishwa. Wasimamizi wakakuita kwa simu mbele ya timu yote, wakakuuliza ilikuwaje. Kabla hujajibu mimi nilikuvuta kando. Mimi mwimbaji wa mstari wa mbele wa kwaya ya kanisa. Nikakuambia, "Sema ni wewe. Sema ulikuwa unaniiga tu kwa mchezo. Kuiga si kosa, nani atajua?"

Ukaniangalia ukaniita Mwaitu, mama kwa Kikamba, kama unavyofanya tu ukiwa mgonjwa. "Mwaitu, hakuna mtu duniani anaweza kukuiga wewe."

Ukarudi kwa simu ukawaambia, "Ni mamangu. Nilimpa simu mimi, kosa ni langu." Hukuwaambia habari ya mbuzi wala ya mguu wangu. Wakafuta ule ushindi, wakakusimamisha mpaka msimu uishe. Mechi ikarudiwa bila wewe, Kavata akaongoza, wakapita kwa shida. Wenzako wakaenda Malili, wewe ukabaki hapa unalisha kuku. Sasa kufungiwa kumeisha na wamekuita, lakini nafasi ya kapteni ina mwenyewe. Utakaa kando mpaka mmoja wao aumwe au achoke.

Miezi hiyo yote nilikuwa nakuangalia ukiangalia mechi zao. Midomo yako ilikuwa inasema, "Ngojeni. Ngojeni. Sasa," bila sauti. Nilikuwa naondoka naenda kukata kuni ambazo hatukuzihitaji.

Nakuambia kitu cha zamani, ujue huku kujisifu kanisani si mara yangu ya kwanza. Nilipomaliza la saba niliwaambia wasichana wote wa kijiji kwamba naenda sekondari ya bweni. Nilikuwa nimeamua hata kitanda changu kitakuwa upande gani. Nilionyesha watu vile nitakavyotembea na sketi. Haikuwa. Nami badala ya kuwaambia, nikaanza kupita njia ndefu kwenda kuchota maji, ile ya nyuma ya mlima, ili nisikutane nao. Msimu mzima nikibeba mtungi kwa ile njia ya mawe. Mama yangu alidhani napenda kutembea. Ukiona huu mguu wangu mbovu wakati wa baridi, ulianzia huko. Hakuna aliyenicheka, unajua? Nilikuja kujua baadaye kwamba walikuwa wamesikia kitambo, na walikuwa wananingoja pale kwa njia fupi ili tuende pamoja.

Kujisifu siwezi kuacha. Nimejaribu nikakaa siku nzima, nikaumwa kichwa. Na sikuombi uwe kama mimi wala usiwe. Wewe una mdomo wa kungoja, sijui uliutoa upande gani, kwetu haupo. Ninachotaka kukuambia ni kwamba Malili kuna siku utapita njia ndefu. Watakuwa wanacheza, wewe uko na glasi ya maji mkononi, na nyumbani tutakupigia tukuulize mmeshindaje. Utataka kusema "tumeshinda" kama kwamba ulikuwa ndani. Hapo utaona mwenyewe. Mimi huku nitauliza kitu kingine. Nitakuuliza ukiwa kando unaona nini ambacho wale wanaopigana hawakioni, maana hilo nataka kujua kweli. Pengine ni kama pale wanapongojea waliokufa. Ukiona kukoje, uniambie.

Halafu yule mtoto wa Tanga. Ulinisomea ujumbe wake kwa haraka ukiwa bado umekasirika, lakini mimi niliushika wote. "Mwambie mama nimefufuka, nipo salama, na mama yangu kikohozi kimepoa." Ni adui wa namna gani huyo? Mkikutana tena kwa mechi, mpige vizuri, ndiyo kazi. Lakini kwanza umuulize kama kile kikohozi hakikurudi.

Sasa nikuambie nilipokuwa leo asubuhi. Uliona nimetoka na jembe. Tulikuwa na mwethya kwa Mama Mutua, tunamchimbia matuta upande wa juu. Nilipofika tu, Mama Kioko, ambaye tangu zile ndengu zake ziliwe hajanyamaza, akaanza.

"Ona mama wa kapteni. Umekuja kuchimba mwenyewe? Nilidhani utaleta lile jeshi."

Wakacheka. Mimi nikasimamisha jembe.

"Nthenya si kapteni," nikasema.

"Ati?"

"Alikuwa. Sasa ni wa akiba. Anaenda kukaa benchi."

Mama Mutua, ambaye ana moyo mzuri, akaniuliza polepole, "Alikosa nini, mtoto wa watu?"

"Hakukosa. Ni mimi."

Nikawaeleza yote, na nilipofika kwa "mama yako anaendeleaje" na risasi zikatoka, Mama Mutua alikaa chini ndani ya mtaro akashika tumbo. Walicheka mpaka nikaogopa. Halafu wakagawanyika. Wengine wakasema nilifanya vizuri kusalimu, wengine wakasema kwa vita hakuna salamu.

"Kwa hivyo wewe," nikamwambia Mama Kioko, "ungemkuta mtu kisimani ukamnyamazia?"

"Ningemsalimia," akasema. "Lakini ningengoja amalize kujibu ndipo nimpige."

"Kidole kiliteleza!"

"Kama vile mbuzi yako iliteleza kwa ndengu zangu."

Nilipokea. Nilikuwa na deni la maneno kwake. Akafuta machozi ya kicheko kwa leso, akaniuliza, na hapo hakuwa ananichokoza, "Sasa huyo mtoto, kukaa tu hivyo kwa benchi, si ni aibu kwake? Tukimuombea kesho tuseme nini?"

Na mimi, Nthenya, kwa mara ya kwanza sikutafuta neno kubwa zaidi. Nikawaambia, "Semeni hivyo hivyo. Anaenda kukaa benchi. Aliulizwa swali ambalo mama yake alimwambia adanganye, akasema ukweli, na hiyo benchi ndiyo ukweli ulimpa. Benchi iko ndani ya uwanja. Nani mwingine wa Matinyani ana kiti huko ndani?"

Mama Kioko alitema mate kwa mikono akainua jembe, akasema, "Basi wacha tumuombee asiitwe haraka, azoee kiti." Tukachimba. Matuta yametoka yamenyooka, upite uone.

Kutoka hapo nilimpigia Mchungaji nikamwambia asikuite kapteni, nikamfanya alirudie neno "akiba" ili asikosee. Kwa hivyo kesho jina utakaloitwa ni lako. Kusimama au kukaa ni uamuzi wako. Mimi nitakuwa kwa kwaya, na nimeomba wanipe mwanzo wa wimbo, kwa sababu hata wewe unajua hakuna mwingine anaweza kuuanzisha.

Nasikia mbwa wanakulaki kule chini kwa njia, kwa hivyo naikunja barua hii sasa niiingize chini ya nguo zako, na hiyo ndiyo itakuwa mara moja tu nimefungua sanduku.

Ni mimi, uliyemwambia asiguse kitu,
mama wa mchezaji wa akiba.